Galileo Galilei, Mzee Aliyepima Mwendo kwa Maji

 

Katika ukurasa huu tumezoea kusoma maisha ya watu wa kwetu: washairi, viongozi, wasafiri. Leo nawaletea mtu wa mbali, Mwitalia aliyefariki mwaka 1642. Nimemchagua kwa sababu ya jambo linalowasumbua wengi wenu. Walio gredi ya 10 wanasoma mwendo katika fizikia: gari linaondoka, linaongeza kasi, linafunga breki, na mwanafunzi anaulizwa limekwenda mita ngapi kwa sekunde ngapi. Walio gredi ya 9 wanatakiwa kuchagua masomo, na nasikia wengine wanataka kuiacha fizikia kwa kuogopa kanuni nne za mwendo zilizo kwenye karatasi ya kanuni. Wazazi nao wanasema hawawezi kusaidia. Wengine walisoma zamani, wengine walisoma kwa Kifaransa kule Bukavu au Lubumbashi, wengine hawakufika huko.

Mwanangu, kabla hujaacha, msome kwanza mzee huyu. Na wewe ndugu mzazi, soma pamoja na mwanao. Mwisho wa habari hii utaona kwamba unaweza kumsaidia kwa Kiswahili chako, mezani, bila kukariri hata kanuni moja.

Mtoto wa mpiga ala

Galileo Galilei alizaliwa tarehe 15 Februari 1564 katika mji wa Pisa, Italia. Baba yake, Vincenzo, alikuwa mwanamuziki. Alipiga luti, ala ambayo ni ndugu wa udi tunaousikia katika taarabu. Mzee Vincenzo hakuridhika kuambiwa tu kwamba vitabu vya kale vinasema hivi na hivi kuhusu sauti. Alifunga nyuzi, akaning'iniza vitu vizito, akazipiga na kusikiliza mwenyewe. Mtoto alikulia katika nyumba ya namna hiyo.

Baba alitaka mwanawe awe daktari, kwa kuwa udaktari ulikuwa na fedha kuliko muziki. Mwaka 1581 Galileo akaanza masomo ya utabibu katika Chuo Kikuu cha Pisa. Moyo wake ukavutwa na hesabu, na mwaka 1585 akaondoka chuoni bila shahada. Wazazi mnaosoma hapa mnaweza kufikiri uchungu wa Mzee Vincenzo!

Hata hivyo, utabibu ulimwachia kitu. Inasimuliwa kwamba akiwa kijana alikaa katika kanisa kuu la Pisa akitazama taa inayoning'inia ikibembea, akapima muda wa kila mbembeo kwa mapigo ya moyo wake mwenyewe, vidole vikiwa kwenye mkono. Wanahistoria hawakubaliani kama kisa hicho kilitokea hivyo hasa. Lakini ni kweli kwamba alichunguza vitu vinavyobembea kwa miaka mingi, na baadaye madaktari wa Italia walitumia uzi na kitu kizito kinachobembea kupima mapigo ya moyo ya wagonjwa. Mimi ni muuguzi. Kila siku nashika mkono wa mgonjwa na kutazama saa. Galileo hakuwa na saa ya kuhesabu sekunde, kwa sababu saa sahihi za namna hiyo zilikuwa bado hazijatengenezwa. Likumbuke jambo hilo, tutalirudia.

Mzigo wa familia

Mwaka 1589 alipata kazi ya kufundisha hesabu hapo hapo Pisa, kwa mshahara mdogo. Mwaka 1591 baba yake akafariki, na yeye, mtoto wa kwanza wa kiume, akabaki na mzigo wa nyumba. Kule kwao mahari ilitoka upande wa msichana, kwa hiyo dada zake walipoolewa Galileo ndiye aliyetakiwa kulipa. Alikuwa pia na mdogo wake wa kiume, mwanamuziki, ambaye mara nyingi alihitaji msaada. Ninyi mnaotuma fedha nyumbani kila mwisho wa mwezi mnaijua hali hiyo vizuri.

Mwaka 1592 akahamia Chuo Kikuu cha Padua, akakaa huko miaka 18. Ili tuujue wakati wenyewe: mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, na mchoraji wa ramani ya ngome hiyo alikuwa Mwitalia pia, Giovanni Battista Cairati. Basi ukitembelea Mombasa na kuzigusa kuta zile, kumbuka kwamba zilipokuwa zinapanda, Galileo alikuwa mwalimu kijana huko Padua. Alipangisha wanafunzi nyumbani kwake, akafundisha masomo ya ziada, akatengeneza na kuuza vifaa vya kupimia. Hapo Padua ndipo alipofanya kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya kuhusu mwendo.

Swali la kitu kinachoanguka

Kwa karibu miaka 2,000 watu wa Ulaya walifuata mafundisho ya Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, kwamba kitu kizito huanguka kwa kasi kuliko chepesi kwa kadiri ya uzito wake. Kizito mara kumi, basi kasi mara kumi. Galileo aliona kwamba haiwezi kuwa hivyo. Ukiachia jiwe kubwa na jiwe dogo kwa pamoja, hufika chini karibu kwa pamoja. Mwanafunzi wake Viviani aliandika baadaye kwamba mwalimu wake aliangusha vitu kutoka mnara wa Pisa mbele ya watu, lakini wanahistoria wengi wana shaka na kisa hicho pia.

Swali gumu zaidi lilikuwa jingine. Kitu kikianguka, kasi yake inaongezeka. Inaongezeka kwa utaratibu gani?

Jaribu kuangusha ufunguo kutoka urefu wa kichwa chako. Unafika chini kabla hujamaliza kusema neno moja. Utapimaje kitu cha haraka namna hiyo bila saa ya sekunde? Galileo alifanya jambo la akili sana: aliupunguza mwendo. Alichukua ubao mrefu wa dhiraa 12, yaani karibu mita 7, akachonga mfereji mwembamba ulionyooka, akaulainisha na kuubandika ngozi laini ndani yake ili kupunguza msuguano. Kisha akainua upande mmoja kidogo na kuachia gololi ya shaba iteremke. Gololi inayoteremka ubaoni inaongeza kasi kwa utaratibu ule ule wa kitu kinachoanguka, ila polepole, na macho yanaweza kuifuata.

Muda aliupima kwa maji. Aliweka chombo kikubwa cha maji juu, chini yake mrija mwembamba. Gololi ikiachiwa, maji yanafunguliwa. Gololi ikifika, maji yanafungwa. Kisha akayapima kwa mizani nyeti maji yaliyokusanyika. Maji mara mbili maana yake ni muda mara mbili. Wauguzi wenzangu wataelewa mara moja, kwani nasi tukitundika dripu ya maji tunahesabu matone kwa dakika ili tujue chupa itakwisha saa ngapi. Galileo alifanya hivyo hivyo kwa upande wa pili: kwa maji alijua muda uliopita. Akarudia na kurudia, mara mia nzima, kama alivyoeleza mwenyewe katika kitabu chake.

Alichokiona

Gawa muda katika vipande vilivyo sawa. Tuseme katika kipande cha kwanza gololi imekwenda hatua 1. Katika kipande cha pili inakwenda hatua 3. Katika cha tatu 5, cha nne 7. Namba witiri, moja baada ya nyingine, bila kuruka. Sasa zijumlishe: 1, kisha 1 na 3 ni 4, kisha 9, kisha 16. Muda ukiwa mara mbili, umbali ni mara nne. Muda ukiwa mara tatu, umbali ni mara tisa.

Haya aliyajua kufikia mwaka 1604, maana aliyaandika katika barua kwa rafiki yake Paolo Sarpi wa Venice. Lakini sikiliza, mwanangu, kwa sababu hapa ndipo penye faida kwako. Katika barua hiyo hiyo Galileo alitoa sababu isiyo sahihi. Alidhani kasi inaongezeka kwa kadiri ya umbali: ukianguka umbali mara mbili, basi kasi ni mara mbili. Linasikika kama jambo la akili kabisa, na wanafunzi wengi leo wangelikubali.

Kwa nini si kweli? Fikiri gololi imeshikwa, haijasogea. Umbali ni sifuri. Kama kasi inatokana na umbali, basi kasi nayo ni sifuri. Ili ipate kasi lazima kwanza isogee, na ili isogee lazima kwanza ipate kasi. Ingekaa pale pale hadi kesho! Muda, lakini, unapita wenyewe, hausubiri gololi isogee. Galileo aliendelea kulichunguza jambo hilo kwa miaka, akaacha wazo lake la kwanza na kushika lililo kweli: kasi huongezeka kwa kadiri ya muda. Kila sekunde inaongeza kasi ile ile.

Ongezeko hilo la kasi kwa kila sekunde ndilo tunaloliita mchapuko. Neno hili si geni, linatoka katika kuchapua, kama mama anapokwambia uchapue miguu usichelewe shule. Kitu kinachoanguka kina mchapuko wa karibu mita 10 kwa sekunde katika kila sekunde. Baada ya sekunde moja kasi yake ni 10, baada ya mbili ni 20, baada ya tatu ni 30, tukiacha ukinzani wa hewa.

Tufanye pamoja mezani

Sasa hesabu yenyewe. Teksi, hizi za abiria ambazo nyumbani tungeziita daladala au matatu, imesimama kwenye taa za barabarani Louis Botha Avenue. Hapa Johannesburg kila mtu anaziita roboti. Roboti inawaka kijani. Teksi inaongeza kasi kwa mita 2 kwa sekunde, kila sekunde. Baada ya sekunde 6 imekwenda umbali gani?

Hatua ya kwanza, tafuta kasi ya mwisho. Mbili mara sita ni 12, yaani mita 12 kwa sekunde.

Hatua ya pili, tafuta kasi ya wastani. Ilianza na 0, imemaliza na 12, na imepanda kwa usawa. Wastani ni 6. Mwanzoni ilikuwa chini ya 6, mwishoni juu ya 6, upungufu na ziada vikafidiana.

Hatua ya tatu, zidisha wastani kwa muda. Sita mara sita ni mita 36.

Hakiki kwa namba witiri: 1, 3, 5, 7, 9, 11. Jumlisha. Umepata 36? Basi.

Na kama teksi haikuwa imesimama? Tuseme ilikuwa tayari inakwenda mita 5 kwa sekunde, ikaongeza 2 kila sekunde kwa sekunde 4. Kasi ya mwisho ni 5 na 8, jumla 13. Wastani wa 5 na 13 ni 9. Tisa mara nne ni mita 36. Hatua ni zile zile tatu.

Jambo hili la wastani lilikuwa limefahamika kwa wanazuoni wa Oxford na Paris tangu karne ya 14, lakini wao walilijadili kama fumbo la hesabu. Galileo ndiye aliyelileta kwenye gololi na mawe yanayoanguka, akaonyesha kwamba dunia yenyewe inafuata hesabu hiyo. Yeye hakuandika kanuni kwa herufi kama zile za kwenye karatasi yako. Alichora mistari na pembetatu na kulinganisha. Kanuni zile nne ni hatua hizi tatu zilizofupishwa na watu waliokuja baada yake. Ukizielewa hatua, karatasi haikutishi tena.

Darubini na kesi

Watu wengi wanamjua Galileo kwa mambo ya angani, kwa hiyo nitayapitia haraka. Mwaka 1609 alisikia kwamba Uholanzi wametengeneza darubini, naye akatengeneza ya kwake iliyo bora zaidi. Januari 1610 akaona miezi minne ikiizunguka sayari ya Mshtarii. Mwaka huo huo akahamia Florence kwa mtawala Cosimo de' Medici. Wenzetu mnaoishi Yeoville mko karibu na mtaa uitwao Observatory, ambao ulipata jina hilo kwa sababu ya kituo cha kuchunguza nyota kilichojengwa kilimani pale. Mwaka 1915 Robert Innes aliyefanya kazi kituoni hapo aligundua Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiacha jua. Kazi hiyo ni mtoto wa darubini ya Galileo.

Aliyoyaona angani yalimsadikisha kwamba dunia inalizunguka jua. Mwaka 1616 viongozi wa Kanisa mjini Rome walimwonya asilishikilie wala kulitetea wazo hilo. Mwaka 1632 alichapisha kitabu cha mazungumzo kuhusu jambo hilo hilo, na mwaka uliofuata akaitwa Rome kujibu mashtaka. Tarehe 22 Juni 1633, akiwa na miaka 69 na mgonjwa, alipiga magoti mbele ya mahakama ya Kanisa na kulikana wazo lake. Kitabu kikapigwa marufuku, na yeye akahukumiwa kifungo, ambacho kiligeuzwa kuwa kifungo cha nyumbani kwa maisha yake yote. Ilipita zaidi ya miaka 350 kabla ya Papa Yohane Paulo wa Pili, mwaka 1992, kutamka hadharani kwamba waliomhukumu walikosea.

Binti yake

Galileo hakuoa, lakini alizaa watoto watatu na Marina Gamba: Virginia, Livia na Vincenzo. Mabinti wawili aliwapeleka wakiwa wadogo katika nyumba ya watawa huko Arcetri, nje kidogo ya Florence. Virginia akachukua jina la Maria Celeste. Maisha ya utawa pale yalikuwa ya umaskini, baridi na njaa, lakini binti huyu alimpenda sana baba yake. Alimwandikia barua, na zaidi ya 120 zimehifadhiwa hadi leo. Alimshonea nguo, alimtengenezea dawa, na baba alipokuwa Rome kwenye kesi alimsimamia mambo ya nyumba na shamba. Sehemu ya adhabu ya Galileo ilikuwa kusali zaburi saba za toba kila wiki kwa miaka mitatu. Maria Celeste akajitolea kuzisali yeye kwa niaba ya baba.

Desemba 1633 Galileo aliruhusiwa kurudi Arcetri, karibu na nyumba ile ya watawa. Walipata miezi michache tu. Tarehe 2 Aprili 1634 Maria Celeste alifariki kwa ugonjwa wa kuhara, akiwa na miaka 33.

Nimewahi kuona wazee waliofiwa na mtoto. Wengi huacha kula, huacha kuzungumza. Galileo naye aliumia sana. Alikuwa na miaka 70, haruhusiwi kutoka, kitabu chake kimefungiwa, binti yake yuko kaburini. Nani angemlaumu kama angekaa tu na kusubiri siku yake?

Kitabu cha mwisho

Alirudi kwenye gololi. Alichukua karatasi zake za Padua, zilizokuwa na umri wa miaka 30 hivi, akaanza kuandika kuhusu mwendo. Kazi hiyo aliianza akiwa bado Siena, kwa Askofu Mkuu Piccolomini aliyempokea vizuri baada ya hukumu, na akaiendeleza Arcetri. Hakuruhusiwa kuchapisha, kwa hiyo maandiko yalipelekwa nje ya nchi, yakachapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638. Ndicho kitabu chake cha sayansi mbili mpya, moja ya uimara wa vitu na nyingine ya mwendo. Humo ndimo alimoeleza ubao, gololi, maji, na namba witiri. Kitabu kilipotoka, mwenyewe alikuwa kipofu wa macho yote mawili.

Nataka mtazame jinsi alivyokiandika. Vitabu vya wasomi wakati huo viliandikwa kwa Kilatini, lugha ambayo fundi, nahodha au mama wa nyumbani hakuielewa. Sehemu za hesabu tupu za mwendo Galileo aliziandika kwa Kilatini kama ilivyokuwa desturi. Lakini maelezo yote yanayozunguka hesabu hizo aliyaandika kwa Kiitalia, kama mazungumzo ya marafiki watatu, Salviati, Sagredo na Simplicio. Mmoja anaeleza, mwingine anauliza, mwingine anabisha, na kitabu kinaanza na sifa za mafundi wa bandari ya Venice.

Ndiyo maana naona mzee huyu anafaa kuwa katika jarida la shule ya Kiswahili. Mtoto atafanya mtihani kwa Kiingereza, sawa. Lakini kuelewa kunaweza kuanza kwa lugha ya mama. Mzazi anayeuliza kwa Kiswahili kasi ya mwanzo ni ngapi, ya mwisho ni ngapi, na wastani wake ni ngapi, anafanya kazi aliyoifanya Sagredo.

Miaka yake ya mwisho alikaa na wanafunzi wawili waliomsomea na kumwandikia: kijana Vincenzo Viviani, na baadaye Evangelista Torricelli. Alifariki Arcetri tarehe 8 Januari 1642. Kwa kuwa alikuwa mtu aliyehukumiwa, hakupewa kaburi la heshima hadi mwaka 1737, alipohamishiwa ndani ya kanisa la Santa Croce, Florence. Na mwaka 1971 mwanaanga David Scott, akiwa juu ya mwezi ambako hakuna hewa, aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja. Vilifika chini kwa pamoja.

Kwa nini jambo hili linatugusa

Kazini kwangu napokea watu walioumia barabarani, na wengi ni watoto waliokuwa wanavuka. Kwa hiyo nawaomba mfanye hesabu hii kwa makini kuliko zote.

Gari linakwenda kilomita 36 kwa saa, ambazo ni mita 10 kwa sekunde. Breki zinapunguza mita 5 kwa sekunde, kila sekunde. Litasimama baada ya sekunde 2. Wastani wa kasi ni 5. Tano mara mbili ni mita 10.

Gari la pili linakwenda mara mbili ya hapo, kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde. Breki ni zile zile. Litasimama baada ya sekunde 4. Wastani ni 10. Kumi mara nne ni mita 40.

Kasi mara mbili, umbali mara nne. Ni hesabu ile ile ya gololi, ikirudi nyuma. Tena, kama magari haya yakianza kufunga breki mahali pamoja, pale mita ya 10 ambapo la kwanza limesimama kabisa, la pili bado linakwenda zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Mwanafunzi wa gredi ya 10, hakiki mwenyewe kwa kanuni ile isiyo na muda ndani yake. Na hapo hatujahesabu ile sekunde ambayo dereva anaona, anashtuka, na kupeleka mguu kwenye breki.

Basi, mtoto, usikimbie mbele ya gari ukidhani litawahi kusimama kwa kuwa jana lingine liliwahi. Na mzazi mwenye gari, ukiona shule, punguza. Kikomo cha kilomita 60 mjini hakikuwekwa ili kukuchelewesha.

Kazi ya nyumbani

1. Tafuta ubao wenye mfereji, au kipande cha bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu, wa zaidi ya sentimita 160. Inua upande mmoja kwa sentimita 10 hivi. Gololi itaanzia sentimita 0. Funga nyuzi nyembamba za kushonea kwenye sentimita 10, 40, 90 na 160. Achia gololi, fumba macho, usikilize inavyogusa nyuzi. Je, milio inapishana kwa muda sawa, kama ngoma?

2. Sogeza nyuzi ziwe kwenye 40, 80, 120 na 160. Sasa milio ikoje? Mweleze mzazi kwa nini, kwa Kiswahili.

3. Teksi inakwenda mita 12 kwa sekunde, inasimama kwa sekunde 4 kwa breki za usawa. Imekwenda mita ngapi?

4. Kwa mazungumzo ya mezani: Galileo alibadili wazo lake kuhusu kasi baada ya kupima. Ni wazo gani wewe ulilibadili baada ya kujaribu mwenyewe?

Maneno ya wiki

Mchapuko: kiasi cha kasi kinachoongezeka au kupungua kila sekunde.
Wastani: kiasi cha katikati, kati ya kidogo na kikubwa.
Namba witiri: namba isiyogawanyika kwa mbili, kama 1, 3, 5, 7.
Mshtarii: sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka jua.
Kufidia: kujazia palipopungua.

Leteni majibu Jumamosi ijayo. Anayeweza kuja na ubao wake aje nao, tutasikiliza gololi pamoja darasani. Nawatakieni wiki njema.

Mwalimu wenu wa kujitolea